Likizo ya Pwani Hupangwa kwa Mwezi: Mwongozo wa Kufuata Maji kutoka Lamu hadi Kilwa

Mgeni kutoka bara anafika ufukwe wa Jambiani saa tano asubuhi, taulo begani, anakuta bahari haipo. Mbele yake kuna uwanda wa mchanga mweupe, ngalawa zimelala ubavu, na kule mbali kinamama wanafunga mwani kwenye kamba. Bahari yenyewe ni mstari wa povu kwenye mwamba. Anadhani picha alizoziona zilikuwa za uongo. Zilikuwa za kweli, ila zilipigwa saa kumi na moja jioni, na yeye siku hiyo hiyo saa kumi na moja alikuwa keshapanda gari kurudi mjini.

Watu wengi hupanga likizo ya pwani kwa kuangalia nauli, chumba na siku za ruhusa. Hayo yana nafasi yake. Lakini kwenye pwani hii yetu, kinachoamua utaona nini na utakiona saa ngapi ni maji kujaa na kupwa, na maji hufuata mwezi. Ukijua tarehe ya mwezi, utapanga safari ya siku 3 ukaona zaidi ya aliyekaa wiki nzima akibahatisha.

Hatua ya 1: Jua maji yatakuwaje siku zako

Kwenye pwani ya Afrika Mashariki maji hujaa mara 2 na kukupwa mara 2 kwa muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Kutoka kujaa hadi kukupwa ni kama saa 6 na dakika 12. Zile dakika 50 za ziada ndizo zinazofanya maji ya kesho yachelewe kuliko ya leo. Siku za bamvua huchelewa kidogo, kama dakika 40. Siku za maji mafu huchelewa hata zaidi ya saa moja.

Bamvua ni zile siku ambazo maji hujaa sana na kukupwa sana. Huja baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, siku moja au mbili baadaye ndiyo kilele. Tofauti kati ya kujaa na kukupwa hufika mita 3 hadi karibu 4. Maji mafu huja mwezi ukiwa nusu, na tofauti hushuka hadi mita 1 hivi. Bamvua kubwa kuliko zote za mwaka huangukia karibu na Machi na Septemba.

Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani ana kila anachohitaji. Tarehe 1 hadi 3 na tarehe 15 hadi 17 ni bamvua. Tarehe 8 hadi 10 na 23 hadi 24 ni maji mafu. Na saa za kujaa unaweza kuzikisia hivi:

Chukua tarehe ya mwezi mwandamo, zidisha kwa dakika 50, kisha ongeza kwenye saa kumi. Ikiwa tarehe imefika 15 au imezidi, toa 15 kwanza. Mfano: tarehe 6, mara 50 ni dakika 300, yaani saa 5, saa kumi na saa 5 mbele ni saa tatu. Basi maji yatajaa karibu saa tatu asubuhi na tena baada ya saa tatu usiku, na yatakupwa karibu saa tisa. Mfano mwingine: tarehe 20, toa 15, inabaki 5, mara 50 ni saa 4 na dakika 10, maji yatajaa karibu saa mbili na dakika 10. Hesabu hii hukosea hata kwa saa nzima, kwa hiyo inatosha kuchagua siku, haitoshi kupanda chombo.

Kwa saa kamili tumia jedwali la maji. Mamlaka za bandari za Kenya na Tanzania huchapisha majedwali yao kila mwaka, na programu nyingi za simu zina hesabu hizo hizo. Makosa mawili hurudiwa kila siku. La kwanza, jedwali huandika 04:30 na msomaji anaelewa saa nne na nusu. Hiyo ni saa kumi na nusu alfajiri. La pili, programu imewekwa kwenye saa za dunia badala ya za Afrika Mashariki, basi kila kitu kinakuwa nyuma kwa saa 3. Dawa yake ni kulijaribu jedwali siku ya kwanza: simama gatini, tazama nguzo. Sehemu iliyo na chaza na utelezi wa kijani ndiyo maji huifikia kila siku; juu ya hapo nguzo ni kavu na nyeupe kwa chumvi. Maji yakikoma kupanda saa ile jedwali lilisema, liamini.

Jambo moja zuri kwa wenye familia: Idi el-Fitri ni Mosi Shawwal, hivyo kila mwaka huangukia bamvua. Asubuhi bahari inakuwa mbali, na karibu saa kumi na moja jioni maji yanajaa hadi juu. Wanaopeleka watoto ufukweni baada ya chakula cha mchana wanakuta maji yanakuja. Idi el-Haji ni tarehe 10, maji yanatoka kuwa mafu, na hujaa mchana wa saa sita hadi saba. Pasaka nayo hufuata mwezi: Jumapili yake ni ya wiki ileile baada ya mwezi mpevu, kwa hiyo ikiangukia karibu na mwezi mpevu unapata bamvua, ikichelewa unapata maji mafu. Krismasi haina mwezi. Hiyo lazima uangalie jedwali.

Hatua ya 2: Amua unachotaka, ndipo uchague tarehe

Hapa ndipo wengi hugeuza mambo. Huchagua tarehe, halafu wakataka kila kitu ndani ya tarehe hiyo.

Ukitaka kuogelea mbele ya nyumba uliyofikia, hasa asubuhi na watoto, nenda maji mafu. Yatajaa kati ya saa nne na nusu na saa sita mchana, na hata yakikupwa hayaendi mbali. Kuzamia kutazama samaki kwa miwani pia ni bora siku hizo, kwa kuwa mkondo ni mdogo na maji hayatibuki. Ingia saa moja au mbili kabla ya kujaa: maji yanayokuja ni ya bahari kuu, safi, yanayotoka yamepita kwenye mahori, ile mikono ya bahari inayoingia nchi kavu, na mikoko, yamebeba tope.

Ukitaka fungu la mchanga katikati ya bahari, kutembea juu ya mwamba, kuona kinamama wakichokoa pweza na mashamba ya mwani, nenda bamvua. Maji yatakupwa kati ya saa nne na saa tano na nusu asubuhi, jua liko juu na una mchana mzima. Mafungu kama Nakupenda mbele ya Mji Mkongwe, Maziwe kule Pangani na Kisite karibu na Wasini huwa na mchanga wa kutosha saa hizo. Ukienda fungu siku ya maji mafu, litatoka jioni, na litatoka dogo.

Ukitaka kuingia ndani ya mikoko kwa chombo, nenda bamvua pia, lakini jioni, maji yakijaa saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu.

Kwa hiyo likizo ya siku 3 au 4 ina sura moja tu: ama ya kuogelea, ama ya kutembea. Likizo ya siku 8 inazo zote mbili. Anza na bamvua, malizia na maji mafu ukiwa umechoka na unataka kulala ndani ya maji.

Hatua ya 3: Pepo

Kaskazi huvuma Desemba hadi Machi, kusi kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba. Katikati yake kuna maleleji, pepo zinapobadilika na bahari kutulia. Oktoba, na Novemba kabla vuli haijakolea, ndiyo miezi tunayoipendekeza kwa anayepanda chombo kwa mara ya kwanza. Masika ya Machi hadi Mei huharibu barabara za vumbi na kutia maji rangi ya udongo karibu na mito mikubwa.

Juni hadi Agosti kusi ni kali. Fukwe zinazotazama mashariki hupigwa moja kwa moja, na mawimbi hurusha majani ya bahari hadi mchanga unafichika. Si uchafu, ni majani yenyewe, lakini kama ulitaka mchanga mtupu utavunjika moyo. Miezi hiyo tafuta upande uliokingwa: Kendwa badala ya Matemwe, Mji Mkongwe na Fumba badala ya Paje. Safari ya Kisite kutoka Shimoni wakati wa kusi inaweza kukutapisha njia nzima. Ukiwa huko, vuka hadi Wasini tu, utembee kwenye daraja la mbao juu ya bustani ya matumbawe makavu, ule, urudi.

Papa potwe wa Mafia huonekana upande wa Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Februari. Nje ya hapo usiende kwa ajili yao.

Hatua ya 4: Linganisha mji na maji

Lamu. Mji wa kale, uliomo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, hautegemei maji. Unatembea vichochoroni saa yoyote. Njia ya Shela ndiyo yenye mtego. Ni kama kilomita 3 kwa kufuata bahari, na siku za bamvua maji yakijaa yanapanda hadi kwenye kuta. Anayetoka Lamu saa kumi na nusu jioni akitaka kuona jua likizama Shela atajikuta amebanwa kati ya ukuta na mawimbi, mzigo kichwani. Toka saa nane, au panda mashua.

Takwa, mji ulioachwa karne ya 17 katika kisiwa cha Manda, ni safari bora kuliko zote pale, na ndiyo inayoharibika zaidi. Hori la mikoko linaloelekea huko hupitika maji yakiwa yamejaa tu. Chagua siku ya bamvua. Ikiwa maji yanajaa saa kumi na moja, ondoka gati ya Lamu saa nane na nusu, ingia horini maji yakiwa bado yanapanda, na uwe umerudi chomboni saa kumi na moja unusu kwa kuchelewa sana. Ukichelewa, chombo kinakaa kwenye tope, na hapo ni kusubiri usiku mzima au kutembea kwenye tope la magoti. Ukifika, tazama msikiti: ukuta wa kibla una nguzo iliyosimama juu yake, jambo usiloliona mara nyingi kwenye misikiti ya kale ya pwani. Vyombo vya kwenda Pate navyo hungoja maji ili vipite Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, kwa hiyo usiahidi mtu saa ya kufika.

Watamu na Malindi. Hifadhi za bahari za huko zilianzishwa mwaka 1968. Malipo ya hifadhi za Kenya hufanywa kwa eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, si kwa noti mkononi, basi fungua akaunti yako ukiwa bado na mtandao mzuri. Matumbawe ya Watamu, tofauti na tulivyosema kwenye Hatua ya 2, hutazamwa vizuri maji yakiwa yamepungua, kwa sababu mwanga unafika chini. Nenda saa moja kabla ya kukupwa. Hori la Mida ni kinyume chake: daraja la mbao linapendeza maji yakijaa chini ya mikoko, na ndege wanaohama, ambao huwa wengi Oktoba hadi Aprili, husogezwa karibu na watazamaji na maji yanayopanda. Gedi, iliyoingia orodha ya UNESCO mwaka 2024, imo msituni. Iweke saa zile bahari haina kazi. Malindi mjini maji huwa ya kahawia mvua ikinyesha bara, kwa kuwa mto Sabaki unamwaga hapo kaskazini. Usimlaumu mtu, ogelea Watamu.

Tanga na Pangani tutazirudia hapa chini.

Bagamoyo. Tuseme ukweli: watu huenda Bagamoyo kuogelea na kurudi wamenuna. Mto Ruvu unamwaga tope lake karibu, maji ni ya udongo, na yakikupwa yanaacha uwanda mrefu. Bagamoyo ni mji wa kutazama, na saa yake ni asubuhi wavuvi wanapoleta samaki na mnada unaanza mchangani. Baada ya hapo magofu ya Kaole, kama kilomita 5 kusini, ambako msikiti wa karne ya 13 uliokuwa karibu na maji sasa umetengwa na bahari na ukanda wa mikoko. Ukitaka dagaa wabichi usiende siku za mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa haina nguvu mwezi ukiwaka. Nenda siku za giza.

Unguja. Nungwi na Kendwa, ncha ya kaskazini magharibi, maji hayaendi mbali. Huko unaogelea karibu saa zote. Paje, Jambiani, Bwejuu na Matemwe zina mwamba ulio mbali, na maji mafupi ndani yake. Hebu piga hesabu: ufukwe ukishuka mita 1 kwa kila mita 300, maji yakishuka mita 3 yanakuwa yamekwenda mita 900. Hiyo si kasoro ya ufukwe. Ndiyo inayofanya mwani ulimwe pale, na ndiyo inayokupa nafasi ya kutembea hadi mwambani kwa miguu. Michamvi Pingwe kuna mgahawa juu ya jiwe: maji yakikupwa unatembea, yakijaa unavushwa kwa mtumbwi, vaa nguo inayokubali yote mawili.

Kilwa. Kibali na mwongozaji hupatikana Kilwa Masoko, kabla ya kuvuka; bila hivyo utarudishwa. Kilwa Kisiwani ni mwendo mfupi wa mashua, na Msikiti Mkuu, Gereza na Husuni Kubwa vinataka saa 3 za kutembea, maji ya kunywa lita 2 kwa mtu na kofia. Songo Mnara ni mbali zaidi na ufuko wake ni wa mikoko. Ukifika maji yamekupwa, chombo kinasimama mbali na unashuka kwenye tope. Panga ufike maji yakiwa yanapanda na uondoke kabla hayajafika nusu ya kushuka.

Hatua ya 5: Chombo na nahodha

Muulize nahodha jambo moja kabla ya bei: "Nahodha, maji yanajaa saa ngapi kesho?" Ajuaye kazi yake atakujibu bila kutazama simu, na atakutajia saa ya kuondoka mwenyewe. Anayekwambia "saa yoyote tu, hakuna shida" kwa safari ya Takwa au Maziwe, mshukuru, uende kwa mwingine.

Elewaneni bei ya chombo kizima, si ya kichwa, isipokuwa mnachangia na wageni wengine. Taja wazi: muda wa kungoja, miwani ya kuzamia, chakula, na ada ya hifadhi iko ndani au nje. Ugomvi mwingi wa gatini hutokana na ada ya hifadhi ambayo hakuna aliyeitaja. Lipa nusu kwanza, nusu mkirudi.

Kisha kagua kwa macho yako. Hesabu maboya ya kujiokolea, moja kwa kila mtu, na la mtoto liwe la mtoto. Vuta kamba zake. Zilizooza hukatika mkononi. Tazama chini ya chombo: maji kidogo ni kawaida kwa chombo cha mbao, maji yanayofunika kifundo cha mguu si kawaida. Kuwe na upo au kopo la kukumbia maji, kasia au tanga kama mashine ikizima, na simu iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Ngalawa ni tulivu kwa sababu ya mirengu yake miwili, ila haipendi watu kusimama upande mmoja. Kaa pale nahodha anapokuambia.

Ukihisi kichefuchefu, kaa katikati, tazama nchi kavu, tafuna tangawizi. Tumbo tupu ni baya kama tumbo lililojaa. Kula muhogo wa kuchemsha au mkate mkavu nusu saa kabla.

Hatua ya 6: Kutembea mwambani

Anza saa moja na nusu kabla ya maji kukupwa, fuata maji yanavyokwenda, na geuka yanapoanza kurudi, usiongeze hata dakika 10. Sababu ni hii. Gawa tofauti ya kujaa na kupwa kwa mafungu 12. Saa ya kwanza maji hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa bamvua ya mita 3.6, hiyo ni sentimita 30, 60, 90, 90, 60, 30. Saa ya kwanza inakudanganya, maji yanaonekana kama yamelala. Saa ya tatu yanapanda sentimita 90, na kwenye ule ufukwe wa mita 1 kwa 300 ukingo wa maji unasogea zaidi ya mita 4 kila dakika. Tena hayaji kwa mbele tu. Hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma yako, kati yako na nchi kavu, na unapogundua, mfereji uliouvuka kwa vifundo umekuwa wa kiuno na una mkondo.

Viatu ni yeboyebo au raba kuukuu, kamwe si ndala, ndala hubaki kwenye tope. Kanyaga mchanga, usikanyage matumbawe hai: huvunjika, nayo hukua polepole mno. Viumbe wale wa duara, weusi, wenye miiba mirefu, hukaa kwenye vidimbwi na kivuli cha mawe. Mwiba ukivunjikia mguuni, usiuchimbe kwa sindano mchangani. Loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, toa kinachoonekana, na wenyeji hupaka utomvu wa papai bichi. Ukichomwa na samaki aitwaye taa au yule anayefanana na jiwe, maumivu yake ni makali mara moja: maji ya moto hivyo hivyo kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, huku gari la kwenda hospitali likitafutwa. Kwenye maji yenye taa, buruta nyayo badala ya kuzinyanyua, atakusikia, ataondoka.

Mashamba ya mwani ni mali ya watu. Pita pembeni ya vigingi, amkia, na omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Pwani salamu haipitwi. Mzee apewe shikamoo yake. Nguo ya kuogelea ni ya ufukweni, mjini funika mabega na magoti. Mwezi wa Ramadhani, Lamu, Pangani na vijiji vya Unguja migahawa mingi hufunga mchana. Panga kula baada ya magharibi, na utakula vizuri kuliko mwezi mwingine wowote.

Mfano: siku 4 Tanga na Pangani, kuanzia tarehe 14 ya mwezi mwandamo

Tarehe 14: basi kutoka Dar es Salaam hadi Tanga, kama kilomita 350, ni siku nzima ya njiani. Jioni tembea Raskazone, maji yakiwa ndiyo yameanza kutoka.

Tarehe 15: asubuhi mapango ya Amboni, kilomita 8 hivi kaskazini. Pango halijui bamvua, kwa hiyo ndilo la kuwekwa saa ambayo bahari imekwenda. Beba tochi yako na viatu visivyoteleza. Saa tano geukia kusini, simama Tongoni kwenye msikiti na makaburi ya nguzo, kisha Pangani, kama kilomita 50 kutoka Tanga. Saa nane na nusu panda mashua mtoni: maji yanayojaa yanakusukuma kuelekea juu kati ya mikoko na minazi, na yakigeuka baada ya saa kumi yanakurudisha. Anayepanda mto saa ambayo maji yanatoka huchoma mafuta mara mbili na haoni nusu ya njia.

Tarehe 16: Maziwe, kama kilomita 10 baharini. Ni eneo tengefu, na ada hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali. Shughulikia jana yake. Ondoka saa tatu asubuhi, fika saa nne, maji yanakupwa karibu saa tano. Zamani kisiwa kilikuwa na mivinje na kasa walitaga hapo kwa wingi. Miti ilikwisha mwanzoni mwa miaka ya 1980, na leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Kivuli hakuna hata cha kalamu. Beba turubai au mwavuli, maji lita 2 kwa mtu, na nguo ya mikono mirefu ya kuzamia nayo, maana mgongo ndio unaoungua. Nahodha akisema "twende," kusanya vitu wakati huo huo. Saa nane uwe Pangani.

Tarehe 17: iache wazi. Upepo ukiikataa Maziwe tarehe 16, hii ndiyo siku yake. Ukiwa umekwisha kwenda, shuka Ushongo, tembea mchanga mgumu saa tano, maji yamekupwa, na kaa hadi yarudi.

Kabla ya kulipia chumba

Piga simu, usitegemee picha. Uliza haya manne na uandike majibu: Maji yakikupwa, mtu anaogelea wapi? Ufukwe wenu unatazama mashariki au magharibi? Chombo kinashusha watu gatini au majini, na maji hufika wapi mwilini? Tarehe zangu ni bamvua au maji mafu? Anayepokea simu akishindwa la mwisho, mwombe ampe simu mlinzi wa usiku au mpishi. Mara nyingi huyo ni mtoto wa mvuvi, atakujibu papo hapo.